Voi na miji midogo kama Voi: huna uwanja wako, gari la umeme utalichajia wapi?

#1 Mwana wa Sagalla

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu. Leo nalimwaga lote hapa kwa sababu naamini siko peke yangu.

Naishi Voi, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Kwa asiyepajua, Voi ndipo barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inapokutana na ile inayokwenda Mwatate na Taveta mpaka Moshi. Mombasa ni kama kilomita 150, Nairobi ni zaidi ya 300. Mji wenyewe unauzunguka kwa miguu asubuhi moja: soko, stesheni, vituo vya mafuta, na loji nyingi kwa ajili ya wageni wa Tsavo na madereva wa malori.

Mwaka jana nilinunua Nissan Leaf ya 2018, ya betri ya kilowati-saa 40, imetumika Japani. Niliinunua kwa sababu ya mama. Kila mwezi nampeleka kliniki Mombasa, na kuna miezi tunakwenda mara mbili. Kwa gari la petroli nililokuwa nalo, kwenda tu ilikuwa lita 11 na ushei, na lita moja ilikuwa imeshapita shilingi 180. Kwa Leaf, kilomita hizo 150 za kurudi nyumbani zinakula yuniti kama 29 ukihesabu na zinazopotea kwa joto wakati wa kuchaji, na kwa tokeni zangu yuniti moja inanitoka kama shilingi 28. Ni shilingi 812. Tofauti hiyo ndiyo inayonunua dawa za mama.

Gari halijawahi kuniangusha. Nikishuka Mombasa nafika na asilimia 31. Nikirudi nafika Voi na asilimia 17, kwa kuwa mji wetu uko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Mariakani, Samburu, Mackinnon Road mpaka Maungu kwa macho ni tambarare, lakini ni mpando mmoja mrefu. Mombasa nachajia kwa dada yangu Changamwe. Ana uwanja, ana soketi karibu na mlango, nalala naamka limejaa.

Shida iko hapa nilipopanga. Gari linalala nje ya geti, mita yangu iko chini ya ngazi pamoja na za wapangaji wengine kumi na mmoja, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya waya kupita dirishani. Simlaumu. Nilijaribu usiku mmoja kwa ekstenshen ya mita 30, nusu yake ikiwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Saa 8 usiku niliposhuka kuigusa ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji. Nikaichomoa, na sikurudia.

Basi nikaanza kuzunguka mjini. Kwanza pale wanapoosha magari: walinikubalia kwa shilingi 500, mchana. Kila walipowasha pampu ya maji, breka inaanguka. Saa tatu nzima za kukaa juani zikanipa asilimia 18. Halafu karakana ya kuchomelea vyuma, ambao wana fezi tatu na umeme wa kutosha kabisa, ila wanafunga saa 12 jioni na hakuna mlinzi.

Mwisho nikapata kituo kimoja cha mafuta. Sitakitaja, watu wake walinitendea wema. Waliniruhusu nichaji usiku kwenye soketi ya nje, ubavuni mwa chumba cha mlinzi. Mara nne mambo yalikwenda sawa. Mara ya tano, saa 11 alfajiri, nimekwenda kuchukua gari nakuta limesimama kwenye asilimia 44. Nashika plagi niichomoe, haitoki. Imeshikana na soketi. Mlinzi akazima swichi ya ndani, tukaivuta wawili, ikatoka na uzi wa plastiki iliyoyeyuka. Pini moja imegeuka kahawia na zambarau kama chuma kilichotoka motoni, na harufu ile kama ya samaki aliyevunda. Hatua kumi kutoka pale ziko pampu za petroli. Mlinzi hakusema neno. Mimi miguu iliniisha nguvu.

Tangu siku hiyo nimerudi kumpeleka mama kwa matatu. Ana miaka 71 na magoti yake mabovu, na kupanda ngazi ya matatu kwake ni kazi.

Nauliza: mtu wa mji mdogo, mpangaji, asiye na uwanja wake, achajie wapi pasipo kuhatarisha mali ya watu wala roho za watu? Kama kuna mwenye uzoefu, wa Voi, Wundanyi, Taveta, Mtito Andei, Korogwe, popote, naomba aseme.

#2 FundiLaini

Pole sana ndugu yangu. Na umshukuru Mungu, maana nimeona yasiyoishia hapo. Nijibu maswali mawili. Kebo unayochajia ni ile iliyokuja na gari? Na plagi yake nani aliibadilisha?

#3 Mwana wa Sagalla

Ndiyo, ni ile ile ya Japani. Plagi yake ya asili ilikatwa Mombasa, nikawekewa ya pini tatu ya kawaida ili iingie kwenye soketi zetu.

#4 FundiLaini

Basi tumeshampata mwizi. Soketi ya kituo cha mafuta haina kosa.

Kebo hiyo imetengenezwa kwa umeme wa Japani, volti 200, na inavuta ampea 15 bila kupumzika. Plagi yetu ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13, tena 13 za birika linalochemka dakika tano. Kuvuta 13 saa tisa mfululizo ni habari nyingine kabisa. Wewe unavuta 15, usiku kucha, tena Voi, ambako ukuta wenyewe saa 3 usiku bado una joto la jua.

Utaniuliza, mbona fyuzi ndani ya plagi haikukatika? Fyuzi ya 13 inaweza kubeba 15 kwa saa nyingi sana bila kukatika. Kazi yake ni kukata panapotokea shoti au mzigo mkubwa mno. Joto la polepole hailioni. Kinachoungua ni pale pini inaposhikana na kile kibati cha ndani ya soketi. Kibati kikilegea kidogo, kinapata joto. Kikipata joto, kinalegea zaidi. Mara nne za kwanza zilikuwa zinaandaa ya tano.

Na ile ekstenshen uliyoizungusha, usiifanye tena hata kwa pasi. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto.

Zipo njia mbili salama. Ya kwanza ni kununua chaja ya mkononi inayojibana kwenye ampea 10. Hiyo kwenye soketi nzuri ya pini tatu, yenye waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, nakubali. Itachukua saa 13 kukupa zile yuniti 29, lakini asubuhi utaikuta soketi hai. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda, ni soketi ya bluu ya viwandani, ile ya matundu matatu ya duara yenye kifuniko, ya ampea 32. Hiyo imezaliwa kwa mzigo mrefu. Waya wa milimita 6 za mraba wa shaba, breka yake, kinga yake ya kukata umeme unapovuja, na fimbo ya erthi iliyopigwa ardhini kweli kweli. Nasisitiza erthi. Udongo wetu ukikauka unakuwa kama tofali, na fimbo ya futi mbili ya kudanganyia macho haisaidii kitu. Gari limesimama kwenye mpira, mtoto analigusa akiwa peku. Njia ya umeme kwenda ardhini isiwe yule mtoto.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Mwombe akuonyeshe.

#5 Nduthi ya Mwatate

Mimi ni wa boda boda. Pikipiki yangu ni ya umeme, betri unaichomoa kwenye kiti unaingia nayo ndani kama mtungi. Ni kama yuniti 3 tu, kwa hiyo soketi ya kawaida nyumbani inatosha na hainivutii nyaya nje. Naandika hili kwa vijana wanaosoma uzi huu wakiwa wanataka kuingia kazini.

Kuna aina mbili za mikataba. Moja betri ni yako. Nyingine betri ni ya kampuni, unabadilisha kwenye vituo vyao, dakika chache uko barabarani. Ndani ya Mombasa au Nairobi hiyo ya pili ni raha. Huku kwetu niliingia kwenye mkataba wa hivyo na kampuni moja, na kila nilipopata abiria wa Bura au Maktau ilibidi nimkatae, kwa sababu betri ikiisha kule hakuna kituo na mimi siruhusiwi kuichaji mwenyewe. Nilirudisha pikipiki baada ya miezi minne. Anayefanyia kazi mji mdogo, na njia zake ni za vijijini, atafute betri ambayo anaweza kuichaji kwake. Pikipiki zenyewe ni nzuri, hilo sitalificha.

#6 Kilomita Mia Tano

Jamani, mbona tunaongelea soketi? Mimi nakaa Nairobi na Mombasa naenda kila baada ya wiki mbili. Ninachohitaji Voi na Mtito Andei ni chaja ya kasi ya kilowati 50 au zaidi. Dakika 40 nile, nisali, niende. Miji hii ya barabarani ingedai hizo. Soketi ya loji haitanisaidia mimi hata kidogo.

#7 FundiLaini

Ndugu, unasema kweli kwa upande wako. Mpita njia anataka kasi. Lakini nakuomba utazame na upande wa transfoma. Nyingi za hizi zilizoko kwenye nguzo za vitongoji vyetu ni za kilovolti-ampea 50. Chaja moja ya kilowati 50 inaimeza transfoma nzima, na mtaa wote ubaki gizani. Kwa hiyo anayetaka kuiweka lazima alete transfoma yake, na hapo ndipo gharama inapomvunja moyo mfanyabiashara wa mji mdogo, ambaye magari ya umeme anayaona mawili kwa wiki.

Halafu kuna suala la mdomo wa chaja. Leaf ya huyu ndugu inatumia CHAdeMO kwa kasi, na ule mdomo mdogo wa Aina ya 1 kwa polepole. Magari mapya yanayouzwa sasa, kina BYD, yanatumia CCS2 na Aina ya 2. Yaliyoletwa moja kwa moja kutoka China mengine yana mdomo wa kwao, GB/T. Mwenye chaja ya kasi anunue mdomo upi? Soketi ya bluu haina ugomvi huo. Kila mtu anakuja na kebo yake.

#8 Mwana wa Sagalla

Niongeze hapo. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, inategemea hewa tu. Nikitoka Mombasa mchana wa Februari nikifika hapa kipimo cha joto la betri kimeshapanda. Kuipiga umeme wa kasi wakati huo ni kuiumiza. Kuchaji polepole usiku ndiko kunakoifaa.

Kuna kitu nilikisoma kuhusu hilo jina CHAdeMO kikanifurahisha. Wajapani walilitunga likiwa na mchezo wa maneno ndani yake, linakaribiana na msemo wao wa kumkaribisha mtu chai. Maana yake gari likichaji, wewe kunywa chai. Nikasema hawa wamefikiri kama sisi. Kitu kinachokusubirisha kiwekwe mahali pa chai.

#9 Mama Loji

Mwanangu Mwana wa Sagalla, nimesoma tangu mwanzo, na hapo pa mama yako na ngazi ya matatu pamenigusa. Mimi nina loji ya vyumba 14, si mbali na stesheni. Nina ukuta, nina mlinzi wa usiku, na uwanja unaingia magari manane. Usiku mwingi ni matano.

Miezi miwili iliyopita walikuja wageni, mume na mke na watoto, wakauliza kwenye simu kama nina mahali pa kuchaji gari. Nikasema sina. Wakaniambia asante wakaenda kulala kwingine, sijui wapi. Nimekuwa nikifikiria hilo. Nilijua ninauza kitanda na chai. Sikujua kama mgeni anaweza kunikwepa kwa sababu ya soketi.

Maswali yangu ni ya mtu asiyejua, mnivumilie. Je, gari moja litanimalizia umeme kiasi gani? Nitamtoza vipi bila kumpunja wala kupunjika? Na sheria inaniruhusu?

#10 FundiLaini

Mama, shikamoo. Maswali yako ndiyo yenyewe.

Gari kama la huyu ndugu litakula yuniti kati ya 25 na 30 kwa usiku likija karibu tupu. Kubwa zaidi linaweza kufika 50 au 60. Weka mita ndogo ya kwake peke yake, zile za kufunga kwenye reli ndani ya boksi, pembeni ya breka. Mgeni anapiga picha namba jioni, anapiga tena asubuhi, mnatoa. Hakuna ugomvi. Bei ya jumla, kama 500 kwa usiku, itawaumiza nyote: mwenye kuhitaji yuniti 8 ataona umemuibia, na mwenye kuvuta 50 atakuachia hasara.

Kuhusu sheria, EPRA ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilishana betri mwaka 2023. Kabla hujatundika bango la biashara, pita ofisini kwao au kwa Kenya Power uulize unaangukia wapi. Pia Aprili 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari: wakati huo ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 kwa saa za usiku, kabla ya tozo na kodi. Iliwekwa kwa anayetumia kati ya yuniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Kwa gari moja la wiki hutafikia. Ukianza kupata magari mawili matatu kila wiki, hapo ufikirie kuomba mita ya pili kwa kazi hiyo.

#11 Mama Loji

Marahaba baba. Na stima ikipotea? Agosti 2023 nchi nzima ilizima, hapa tulikaa na mishumaa.

#12 FundiLaini

Ikipotea, gari linasubiri, ikirudi linaendelea lenyewe. Jenereta usiliwashie gari, dizeli itakula faida yote. Baadaye, ukijaliwa, fikiria sola. Paneli kumi za wati 550 kwa jua letu la Voi zinaweza kukupa yuniti zaidi ya 20 kwa siku nzuri. Hiyo inakaribia safari moja ya Mombasa. Ila anza na soketi.

#13 Ughaibuni Cardiff

Nawasoma kutoka Wales. Niwape jambo moja tu. Huku tuliteseka miaka na programu za simu, kila kampuni ya kuchaji na yake, unafika usiku kwenye mvua unaambiwa fungua akaunti kwanza. Serikali ya Uingereza ikatunga kanuni mwaka 2023: bei ionyeshwe wazi kwa kila yuniti, na chaja mpya za umma za kilowati 8 na kuendelea zikubali kadi ya benki ya kawaida, kuanzia Novemba 2024. Nyinyi mna M-Pesa. Mama, andika bei ya yuniti ukutani na namba ya kulipia, usimtume mgeni popote. Mtakuwa mmeturuka sisi hatua mbili.

#14 Njiapanda ya Himo

Wakuu, mimi niko upande wa Tanzania, karibu na Moshi. Nina gari la umeme la Kichina la mdomo wa Aina ya 2, chaja ya mkononi ninayo, inafika ampea 32. Nyumbani nachaji kwa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, yuniti ni kama shilingi 356 za kwetu. Nina harusi ya mdogo wangu Mombasa mwezi ujao. Himo, Holili, Taveta, Mwatate hadi Voi ninafika bila wasiwasi. Voi hadi Mombasa sifiki bila kuchaji. Huu uzi naufuatilia kwa karibu sana. Mama Loji, usituache.

#15 Mama Loji

Wiki tatu zimepita, nimerudi na habari.

Tumeiweka. Fundi wa leseni alikuja akapima, akasema boksi la zamani halina nafasi, akaweka dogo la pembeni. Waya wa milimita 6 umepita kwenye bomba mita 18 mpaka uwanjani, soketi ya bluu chini ya paa, mita ndogo, kinga ya kuvuja, fimbo ya erthi ndefu ambayo vijana wawili waliipiga asubuhi nzima. Jumla haikufika elfu 30 na kazi ya fundi ndani. Godoro na kitanda cha chumba kimoja kinanitoka zaidi ya hapo.

Lakini usiku wa kwanza niliona haya. Alikuja mgeni na gari kubwa, akaunganisha saa 1 jioni. Saa 2 loji nzima ikazima. Tukawasha, ikazima tena. Mtu wa chumba namba 6 alikuwa bafuni na sabuni mwilini, mtoto wa namba 9 analia giza. Ikabidi nimwombe mgeni achomoe gari, na akaondoka asubuhi na nusu betri. Sikumtoza chochote. Nimekosea wapi?

#16 FundiLaini

Hujakosea mama, sisi mafundi tulipaswa kukuuliza kwanza. Hita zako za kuogea ni za papo hapo, zile za kwenye kichwa cha bomba?

#17 Mama Loji

Ndizo.

#18 FundiLaini

Basi fanya hesabu nami. Hita moja ya hivyo ni kilowati 5 na nusu, karibu ampea 23. Wageni wawili wakioga pamoja ni 46. Gari la ampea 32 juu yake ni 78. Laini yako ya kuingilia, kama ni ya kawaida, inabeba 60. Saa 1 hadi saa 3 usiku ndipo wote wanaoga, wewe unapika chakula cha jioni, na gari linavuta.

Dawa ni saa. Magari karibu yote yana mpangilio wa kuanza kuchaji saa fulani, na kwa asiye nao kuna swichi ya saa ya kufunga kwenye boksi, ikiwa na kontakta ya kubeba mzigo wenyewe. Weka ianze saa 4 usiku. Kuanzia saa 4 hadi saa 11 alfajiri ni saa saba. Kwa ampea 32 hizo ni yuniti 50. Kwa Leaf ya huyu ndugu inayovuta kilowati 3 ni yuniti 21, haijai yote, basi yeye aanze mapema kwa kuwa ampea zake ni chache, bora awe peke yake.

Na ubandike karatasi kwenye soketi: kabla ya saa 4 usiku, mwisho ampea 16.

#19 Kilomita Mia Tano

Nilisema soketi ya loji hainisaidii. Bado nataka chaja ya kasi barabarani. Ila wiki iliyopita niliondoka Nairobi saa 11 jioni badala ya asubuhi, nikalala Voi kwa Mama, nikaamka na betri imejaa na nimepumzika. Mombasa niliingia saa 3 asubuhi kabla jua halijakaza. Na usiku ule barabara ya Mtito kuja huku, na malori yale na tembo wanaovuka, heri nilale njiani kuliko kuivamia na usingizi. Mama, chapati zako Mungu azibariki.

#20 Njiapanda ya Himo

Nimefika salama Mombasa. Naandika kwa ajili ya atakayenifuata. Holili tulichelewa kidogo mpakani, si kwa sababu ya gari. Kutoka Taveta hadi Mwatate barabara ni nzuri na magari ni machache. Nilikwenda kilomita 80 kwa saa bila kuwasha kipoza hewa, vioo wazi, na tukawaona twiga karibu na Maktau. Voi nilifika na asilimia 38. Nikaweka saa ya gari ianze saa 4 usiku, nikalala. Mita ya Mama jioni ilisoma 212.6, asubuhi 247.1. Yuniti 34 na nusu kwa shilingi 40, jumla 1,380, nikalipa kwa simu pamoja na chumba. Plagi niliigusa mara tatu usiku kwa hofu ya niliyoyasoma kwenye post ya kwanza. Ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe kilichokwisha kunywewa.

Swali kwa wa Taveta: hapo kwenu kuna loji yenye uwanja na mlinzi? Kurudi nitakuwa na wazee wawili ndani ya gari, ningependa tukate safari.

#21 Mwana wa Sagalla

Kwa wanaoniuliza pembeni: ndiyo, nimerudi barabarani. Nimekubaliana na Mama Loji, siku ya kutoka Mombasa gari linalala kwake hata nisipolala mimi. Nalileta saa 2 usiku, nalichukua asubuhi, shilingi 40 kwa yuniti na 100 ya mlinzi. Plagi ya kukatwa nimeitupa. FundiLaini alinifungia ya bluu, akaikaza mbele ya macho yangu, na kila mwezi naifungua kifuniko natazama rangi ya pini.

Bado kuna mambo. Wapangaji tuko wengi na soketi ni moja. Jumatano iliyopita nilikuta mgeni ameshaiunganisha, nikarudi nyumbani na asilimia 19, nikangoja kesho yake. Nimeanza kuzungumza na mwenye nyumba wangu. Nimemwonyesha boksi la Mama Loji, akaenda mwenyewe kulitazama, akauliza bei ya waya kwa mita. Hajasema ndiyo. Lakini alirudi na kipimo cha kamba, akapima kutoka kwenye mita zetu chini ya ngazi mpaka getini. Ni mita 11.

Mwenye kujua loji yenye uwanja na mlinzi upande wa Taveta amjibu huyu ndugu wa Himo hapo juu. Safari yake ya kurudi ni Jumapili.